Twiga wa Baringo na Majirani Waliowalinda



Leo nataka kusema habari ya ulinzi wa wanyama wa porini katika Bonde la Ufa, na hasa kazi iliyofanywa na wenyeji wa Baringo, ambao ni jirani zetu sisi watu wa Nakuru. Watu wengi hudhani ya kuwa kulinda wanyama ni kazi ya askari wa Serikali peke yao, na kwamba mwananchi hana sehemu yake ila kukaa mbali. Sivyo hivyo, na habari nitakayoieleza yatosha kuonyesha.

Kwanza tuangalie hali ya hapa kwetu. Hifadhi ya Ziwa Nakuru imezungushiwa ua wa umeme, na tangu mwaka 1987 imekuwa kimbilio la vifaru. Lakini wanyama wengi hawamo ndani ya ua ule. Pundamilia, ambaye ni wa ukoo mmoja na farasi, pamoja na swala na twiga, huonekana katika malisho ya Soysambu na kando ya Ziwa Naivasha, karibu kabisa na ng'ombe na mashamba ya watu. Askari hawawezi kumfuata kila pundamilia. Anayemwona alfajiri ni mchungaji, na mchungaji huyo huyo ndiye wa kwanza kukiona kitanzi cha waya kilichotegwa njiani. Akinyamaza, mnyama hufa. Akisema, huenda akapona.

Sasa twende Baringo. Zamani twiga walikuwa wengi huko, lakini waliwindwa hata wakaisha, na kwa muda wa miaka kama 70 hakuna mtoto wa nchi ile aliyemwona twiga kwao. Aina ile ya twiga, ijulikanayo kwa jina la Rothschild, ilipungua sana kila mahali kadiri mashamba yalivyopanuka. Hata wale wa Ziwa Nakuru waliletwa mwaka 1977 kutoka magharibi ya Kenya ili wasipotee.

Upande wa mashariki wa Ziwa Baringo hukaa Wapokot na Wailchamus, ambao wengi huwaita Wanjemps. Makabila hayo mawili yaliibiana mifugo siku nyingi, na damu ilimwagika. Katika miaka ya 2000 wazee wa pande zote mbili walikaa chini wakapatana kutenga sehemu ya ardhi yao iwe hifadhi ya pamoja. Hifadhi hiyo waliiita Ruko, kwa kuunganisha majina ya Rugus na Komolion. Walinzi wake walichaguliwa kutoka kila upande, wakawa wanatembea doria pamoja, vijana ambao baba zao walikuwa wakiviziana.

Mwaka 2011 twiga wanane walisafirishwa kutoka Soysambu, wakawekwa Longicharo, rasi iliyoingia ziwani. Wenyeji walifurahi mno, kwa maana kitu kilichopotea kwa babu zao kilikuwa kimerudi.

Lakini maji ya maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda. Sisi wa Nakuru twayajua mambo hayo, kwani ziwa letu lilimeza hata lango kuu la hifadhi. Huko Baringo maelfu ya watu walihama makwao, na rasi ya Longicharo ikakatwa ikawa kisiwa. Twiga walibaki katikati ya maji yenye mamba, na chakula kikazidi kupungua. Walinzi wa Ruko hawakuwaacha. Walipanda mashua wakawapelekea majani na matunda, ingawa wao wenyewe walikuwa na jamaa waliofukuzwa na maji yale yale.

Hatimaye ilionekana kwamba hapana budi kuwahamisha. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, Northern Rangelands Trust na Save Giraffes Now walisaidiana na wenyeji. Liliundwa tishali la chuma, yaani chombo kipana cha kukokotwa, lililoeleshwa juu ya mapipa matupu na kuzungushiwa kuta ndefu ili mnyama asianguke. Tarehe 2 Desemba 2020 twiga jike aitwaye Asiwa alivushwa wa kwanza. Baadaye waliona ni heri kuwazoesha polepole: waliwawekea chakula chomboni siku baada ya siku, mpaka twiga wakaingia kwa hiari yao. Mwezi wa Aprili 2021 wa mwisho walivuka, jumla yao 9, wakaingia katika eneo lenye ua la ekari 4,400 ndani ya Ruko.

Sisemi kwamba mambo yote yamekuwa mema. Wizi wa mifugo haukukoma. Mwaka 2023 Serikali ilipeleka jeshi Baringo na kaunti za jirani. Tena sisemi kwamba mnyama hana hasara. Pundamilia hula malisho ya ng'ombe, na nyati huvunja ua na kuua watu. Sheria ya mwaka 2013 inaamuru fidia, lakini mara nyingi malipo yamekawia, na mkulima aliyepoteza shamba ana haki ya kulalamika. Ajuaye hasara hiyo asiambiwe kwamba haipo. Bali kutega waya hakumlipi mtu shamba lake. Waya hauchagui: leo hunasa swala, kesho hunasa ndama wa jirani.

Basi yatupasa kufanya nini? Ukikuta kitanzi cha waya, usikiache. Wapelekee habari walinzi wa wanyama walio karibu. Usinunue nyama ya porini inayouzwa kwa siri, kwani biashara hiyo ni kosa, na nyama isiyopimwa yaweza kuleta kimeta. Ukitaka kujenga ua, kaeni na majirani zako mkubaliane wapi mtaacha njia ya wanyama kwenda majini. Na wazee wawafundishe watoto majina ya wanyama wa nchi yao wakiwa wangali hai.

Watu wa Ruko hawakuwa matajiri, wala hawakuwa marafiki walipoanza. Walikuwa na ardhi, na neno la wazee, na vijana waliokubali kutembea pamoja. Sisi nasi tunavyo vitu hivyo hapa Nakuru. Umoja ni nguvu, na nguvu hiyo iliwavusha twiga 9 juu ya maji.