Ujira wa Msanii



Dominika hii tunapenda tutafakari pamoja jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa dhambi. Amri inayokataza wizi twaijua tangu utotoni. Hatuthubutu kuchukua kuku wa jirani, wala kutoka dukani na kilo ya sukari bila kulipa. Lakini wimbo au filamu iliyonakiliwa bila idhini ya mwenyewe twaipokea kwa mikono miwili, wala dhamiri haitusuti. Kwa nini?

Tukitaka kujibu kwa haki, tusianze kwa kulaani. Wengi hawafanyi hivyo kwa kumchukia msanii, aghalabu wanampenda. Humwendea mharamia kwa kuwa yupo karibu na bei yake ni nafuu. Zamani alinakili kanda kando ya kituo cha basi. Baadaye akachoma CD. Leo hutujazia nyimbo katika simu kwa malipo kidogo. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, filamu za ng'ambo zilisimuliwa kwa Kiswahili, hata asiyejua Kiingereza akacheka na kulia pamoja na wenzake. Mwenye filamu hakumkumbuka mtazamaji huyo, mharamia alimkumbuka.

Hata milango halali ilipofunguliwa, haikufunguka kwa wote. Januari 2016 kampuni ya Netflix ilipeleka huduma yake katika nchi 130 zaidi kwa mara moja, zikiwemo za kwetu. Lakini kwa wengi mlango ule ulihitaji ufunguo wasiokuwa nao: kadi ya benki, intaneti isiyokatika, na fedha za kulipa kila mwezi.

Haya yote ni kweli, ndugu wasikilizaji, wala tusiyapuuze. Hata hivyo, kueleza sababu ya kosa si kulihalalisha. Njaa hueleza kwa nini mtu ameingia shambani. Haimfanyi kuwa mwenye shamba.

Tena twajifariji kwamba tunaowapunja ni matajiri wa mbali. Sivyo. Mkono ule ule unaonakili filamu ya Marekani hunakili taarabu yetu, muziki wetu wa dansi, hata nyimbo za kwaya. Wanakwaya wamechangishana nauli, wamelipia studio, wameacha shughuli zao ili warekodi. Wimbo wao unasikika katika kila basi, na deni la studio bado halijalipwa. Tunamsifu Mungu kwa sauti ambayo hatukuilipia!

Maandiko Matakatifu yanaonya kwamba ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri hadi asubuhi. Tunaposikia onyo hilo twawafikiria wenye mashamba na viwanda. Lakini mbele ya msanii, mwajiri ni sisi.

Sheria zipo. Tanzania ilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, na Kenya ikatunga yake mwaka 2001. Polisi aweza kukamata shehena sokoni. Hawezi kukaa ndani ya simu ya kila mmoja wetu. Humo huingia dhamiri peke yake.

Nayo dhamiri inatuuliza: je, njia ya halali imefungwa kweli, au tumezoea tu kutolipa? Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008, mtu wa kijijini asiye na akaunti ya benki aweza kumtumia fedha aliye mjini. Udhuru mmoja mkubwa umepungua nguvu.

Wenye kazi nao wanalo jukumu: wauze kwa bei ambayo mtu wa kipato cha chini aimudu, kwa lugha anayoielewa, karibu na anapoishi. Asiyeweka duka asishangae wateja wakienda kwingine. Nasi, palipo na duka, tusipite uani.

Wiki hii, basi, kila mmoja wetu achague wimbo mmoja anaoupenda, amtafute mwenyewe, na amlipe. Mungu atujalie mikono safi na moyo wa haki. Amina.