Aliyeuza Kisiwa Alikwenda Wapi? Kiswere na Historia Isiyo na Magofu



Katika kikao kimoja cha kugawa fedha za utafiti wa pwani ya kusini niliitaja Kiswere, ghuba iliyopo kati ya Kilwa na Lindi. Mjumbe mmoja akauliza: "Kuna gofu gani pale?" Nilipojibu kwamba hoja yangu haikuhusu magofu, jina likakatwa. Mhadhara huu ni jibu ambalo sikupewa nafasi ya kulimaliza.

Habari za Kilwa Kisiwani mnazijua: dhahabu ya Sofala, jumba la Husuni Kubwa, safari ya Ibn Battuta mwaka 1331, Wareno mwaka 1505, orodha ya UNESCO mwaka 1981. Kazi ya mwanaakiolojia Neville Chittick ya mwaka 1974 naiheshimu. Ninachokipinga ni hukumu iliyopandikizwa juu yake, kwamba pasipo na jiwe hapana historia, na kwamba vijiji vya ghuba ndogo viliishi kwa hisani ya kisiwa.

Hukumu hiyo inakanushwa na tarikh ya Kilwa yenyewe, yaani masimulizi yake ya kale. Tunayo kwa Kiarabu na kwa Kireno, katika kitabu cha João de Barros cha mwaka 1552, nami sichoki kuisoma. Mgeni Ali bin al-Hasan anakinunua kisiwa kwa nguo za kukizungushia chote. Muuzaji anahamia bara. Katika masimulizi ya Kiarabu, muuzaji huyo anapanga kurudi na watu wake maji yakitoka, awaue wageni na kukitwaa kisiwa. Wageni wanachimba mkondo. Anafika kwenye kivuko alichokizoea, anasubiri maji yapwe, hayapwi. Anarudi kwake na majuto.

Baada ya hapo mwandishi hamtaji tena, nasi tumemfuata mwandishi kwa utiifu wa kushangaza. Lakini mtu ambaye wanunuzi walilazimika kuchimba bahari ili kumzuia hakuwa mnyonge. Alikuwa na watu, na bara lote lilikuwa nyuma yake. Nani alivuna nafaka iliyoliwa kisiwani? Pembe za ndovu zilipita katika nchi ya nani? Kiswere ipo upande huo wa bara; kuiuliza habari yake ni kuwauliza watu wa yule muuzaji.

Tazameni sandarusi. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, waliinunua huko Unguja kwa ajili ya vanishi, wakaleta vitambaa vya merikani. Utomvu huo uliogandia ardhini kwa karne nyingi ulichimbwa na watu wa mwambao wa bara, kwa majembe yao. Kazi hiyo huacha mashimo, haiachi kuta. Mzee mmoja wa Kiswere alinipitisha kichakani kwenye vishimo vilivyoota nyasi, akanitajia ukoo wa kila sehemu bila kusita. Nimesoma maandishi mengi ya kaburini yasiyonieleza nusu ya hayo.

Hata Vita vya Kwanza vya Dunia viliitambua ghuba hii. Septemba 1916 Waingereza waliiteka Kilwa, Mikindani, Sudi na Lindi, na mwezi huohuo wakaitwaa Kiswere. Hawakuuliza habari za gofu. Walitaka mahali pa kutia nanga.

Nakubali kwamba pasipo Sofala pasingekuwa na Husuni Kubwa. Nakubali pia kwamba faida nono ya sandarusi ilibaki Unguja. Hayo yanatueleza nani alitajirika. Hayatuelezi nani alikuwa mwenye pwani, na mimi nashikilia kwamba mwenye pwani alikuwa mtu wa bara lake, wakati wa tarikh na wakati wa merikani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kiti hiki cha uprofesa itakuwa kuchora ramani ya mashimo ya sandarusi, kuanzia Kiswere hadi ng'ambo ya Mto Mbwemkuru, pamoja na majina ya koo zilizoyachimba, kabla mashamba ya ufuta hayajayasawazisha. Fedha tutaziomba tena katika kikao kilekile.