Darubini ndogo na akiba ya nuru

Chombo chenye uzito wa kilo mbili na nusu, kinachoamrishwa kwa simu ya mkononi, kinaweza leo kunasa nuru iliyosafiri kwa mamilioni ya miaka. Makala ya Sayansi na Teknolojia inaeleza namna kinavyofanya kazi, na kwa nini thamani ya picha zake inategemea uaminifu wa anayezipiga.



Jicho la mwanadamu ni kiungo cha ajabu, lakini lina upungufu mmoja: halijui kuweka akiba. Nuru inayoingia humo hutumika papo hapo, kisha husahaulika. Mtu akiikodolea macho mbingu tangu magharibi hadi alfajiri, kile ambacho mwanga wake ulikuwa hafifu mno kuonekana saa mbili usiku hatakiona hata ifikapo saa kumi.

Mwaka 964, Abdulrahman al-Sufi, mwanafalaki wa Isfahan nchini Uajemi, alieleza katika kitabu chake cha nyota habari za wingu dogo lililo katika kundi ambalo leo hujulikana kama Andromeda. Zaidi ya hapo hakuweza kuona. Hata baada ya darubini kuvumbuliwa katika karne ya 17, hakuna aliyeweza kuthibitisha wingu lile ni kitu gani.

Mlango ulifunguliwa na picha. Tarehe 30 Septemba mwaka 1880, daktari wa Kimarekani Henry Draper alielekeza darubini yenye lenzi ya sentimita 28 kwenye wingu kubwa la gesi lililo katika kundi la nyota la Jabari, yaani Orion, akaliacha bamba la kioo lipokee nuru kwa dakika 51. Hiyo ilikuwa picha ya kwanza ya wingu la aina hiyo, ambalo wataalamu huliita nebula. Mnamo mwaka 1883, Mwingereza Andrew Ainslie Common aliipiga picha nebula hiyo hiyo akiwa Ealing, magharibi mwa London, na katika bamba lake zikajitokeza nyota hafifu ambazo jicho halikuweza kuziona. Bamba lilikuwa na kile ambacho jicho halina: liliweka akiba.

Na ni bamba la namna hiyo, lililopigwa na Edwin Hubble huko Mount Wilson, California, mwezi Oktoba mwaka 1923, lililofichua nyota yenye kubadilika mwanga ndani ya lile wingu dogo la al-Sufi. Kwa kuitumia nyota hiyo kama kipimo, Hubble alionyesha kwamba wingu hilo ni galaksi nyingine kabisa. Vipimo vya siku hizi vinaiweka katika umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 2.5. Mwaka wa nuru, msikilizaji, si muda bali ni umbali: ni mwendo ambao nuru huenda kwa mwaka mmoja, nao ni takriban kilometa trilioni 9.5.

Kwa muda wa karne nzima, kazi hii ilibaki mikononi mwa wachache. Dunia huzunguka, hivyo darubini haina budi kuifuata nyota kwa usahihi mkubwa. Ikiteleza kidogo tu, nyota hugeuka mstari. Mpiga picha alikesha kwenye baridi, jicho lake likiwa kwenye darubini ya pembeni, akirekebisha mwendo kwa mkono. Mabadiliko yalianza mwaka 1969, pale Willard Boyle na George Smith wa maabara za Bell nchini Marekani walipovumbua kitambuzi cha nuru cha kielektroniki kiitwacho CCD, uvumbuzi uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Bamba la kioo lilinasa sehemu ndogo tu ya nuru iliyolifikia. Vitambuzi vya leo hunasa zaidi ya nusu, na biashara ya simu na kamera za ulinzi imevifanya kuwa vya bei nafuu.

Kutokana na vitambuzi hivyo, ikazaliwa darubini janja. Mwaka 2017 kampuni ya Unistellar ya Ufaransa ilitangaza darubini inayojielekeza yenyewe, na mwaka uliofuata kampuni nyingine ya huko huko, Vaonis, ikatangaza ya kwake iitwayo Stellina. Bei zake zilikuwa maelfu ya dola. Lakini mwaka 2023 kampuni ya ZWO ya China ilitoa Seestar S50, yenye lenzi ya milimita 50 na uzito wa kilo mbili na nusu, kwa takriban dola 500. Bado ni fedha nyingi kwa familia nyingi, ila si nyingi kwa shule au chama cha wapenda nyota kinachochangishana.

Matumizi yake ni mepesi. Chombo huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu, na mtumiaji hugusa kwenye simu jina la kile anachokitaka. Hakuna mahali pa kuchungulia kwa jicho. Darubini hupiga kwanza picha ya sehemu ya mbingu, hulinganisha mpangilio wa nyota na ramani iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu, kisha hujua inaelekea wapi. Ni kazi ile ile ya nahodha wa jahazi aliyezitazama nyota ili kuijua njia yake, ila hapa hufanyika kwa sekunde chache.

Baada ya hapo huanza kupiga picha, kwa kawaida kila moja kwa sekunde 10. Picha moja peke yake haitamaniki: ni giza lililojaa chengachenga, kama televisheni isiyopata mawimbi vizuri. Lakini programu huzipanga picha hizo moja juu ya nyingine, kila nyota juu ya nafasi yake, na kuzijumlisha. Nuru ya galaksi hutua mahali pale pale katika kila picha, kwa hiyo hujikusanya haraka. Chengachenga huruka huku na huko bila mpango, kwa hiyo hujikusanya polepole zaidi. Hesabu yake hufuata kipeuo cha pili: picha 100 hutoa sura iliyo safi mara 10 kuliko picha moja, picha 360, yaani kazi ya saa moja, hutoa sura iliyo safi mara 19 hivi. Anayetaka usafi huo uongezeke maradufu hana budi kusubiri saa nne. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ila hapa kila kibaba kinachofuata hukawia zaidi kujaa.

Kipo pia kile ambacho chombo hiki hakiwezi. Sayari ya Mshtarii huonekana kama kidoto tu, kwa kuwa lenzi ndogo haina uwezo wa kukuza vitu vidogo vyenye mwanga mkali. Ni kwa mambo mapana na hafifu ndipo kinapong'aa: nebula, mafungu ya nyota kama Kilimia, na galaksi zilizo karibu. Aidha, ni hatari kukielekeza kwenye jua bila kichujio maalumu, kwani kitambuzi huweza kuungua mara moja.

Mahali alipo mtu pana uzito kuliko mashine aliyonayo. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na hii tunamoishi, kwa umbali wa miaka ya nuru takriban 160,000, haliinuki kamwe juu ya upeo wa London wala wa Muscat. Dar es Salaam hupanda hadi nyuzi 28 hivi upande wa kusini. Na Andromeda, ambayo watu wa kaskazini huitazama karibu utosini, huonekana vizuri kutoka Dar es Salaam hiyo hiyo. Wakaao karibu na ikweta wamejaliwa mbingu mbili, ya kaskazini na ya kusini.

Hata hivyo, giza lenyewe linapungua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 chini ya uongozi wa Fabio Falchi wa Italia ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani huishi chini ya mbingu iliyochafuliwa na mwanga wa taa, na kwamba theluthi moja ya wanadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe kutoka mahali wanapoishi. Kwa mkazi wa Dubai au Birmingham, darubini janja ina msaada wa kiasi fulani. Kichujio kilichomo ndani yake huruhusu nuru ya gesi za haidrojeni na oksijeni tu ipite, ambazo ndizo zinazong'aa katika nebula nyingi, na kuzuia sehemu kubwa ya mwanga wa taa za barabarani. Lakini galaksi ni mkusanyiko wa nyota, na nyota hutoa nuru ya rangi zote. Kichujio kikiuzuia mwanga wa mji, huizuia pia galaksi. Kwa hiyo dawa ya kweli imebaki ile ile ya zamani: kwenda penye giza.

Je, picha hizi zina manufaa gani zaidi ya kupendeza? Jibu moja lilipatikana usiku wa kuamkia tarehe 27 Septemba mwaka 2022. Ilipotimu saa nane na dakika 14 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, chombo DART cha shirika la anga za juu la Marekani, NASA, kilijibamiza kwa makusudi kwenye Dimorphos, jiwe la angani lenye upana wa mita 160 hivi, ili kujaribu kama inawezekana kulibadilishia njia. Jiwe hilo lilikuwa umbali wa kilometa milioni 11. Wakati huo darubini ndogo za Unistellar, zikiwa mikononi mwa watu wasio wanasayansi wa kuajiriwa, zilikuwa zikilitazama kutoka kisiwa cha Réunion na kutoka Nairobi. Matokeo yao yalichapishwa mwezi Machi mwaka 2023 katika jarida la Nature: mwanga uliongezeka ghafla kwa takriban mara nane, ukachukua siku 24 hivi kurejea ulivyokuwa, na kutokana na vipimo hivyo ikakadiriwa ni vumbi kiasi gani lilirushwa angani.

Jibu la pili lilifuata tarehe 19 Mei mwaka 2023. Koichi Itagaki wa Japani, mtazamaji wa nyota wa kujitolea, aligundua nyota iliyolipuka katika galaksi ya M101, iliyo umbali wa miaka ya nuru takriban milioni 21. Habari ilipoenea, watu wengi walifungua mafaili yao ya siku hiyo na ya siku iliyotangulia. Baadhi walikuta kwamba walikuwa wameipiga picha galaksi hiyo kabla ya tangazo, na nyota ile tayari ilikuwa imeanza kuwaka. Kwa wanasayansi, saa za mwanzo za mlipuko ni johari, kwa kuwa hupita haraka na hakuna ajuaye mlipuko utatokea wapi.

Hapa ndipo penye jambo la kuzingatiwa. Picha zile zilikuwa na faida kwa sababu zilihifadhiwa kama zilivyopigwa, pamoja na saa na mahali. Leo baadhi ya programu za simu na za kompyuta zina kitufe cha akili mnemba cha kusafisha picha. Kazi ya kawaida ya kung'arisha picha, kama vile kuinua mwanga wa sehemu zenye giza, huonyesha kilichonaswa. Akili mnemba huweza kwenda mbali zaidi: hubashiri kile ambacho kingepaswa kuwapo kwa kufuata mifano iliyofunzwa. Huweza kukifuta kidoto kigeni kwa kukidhania chengachenga, au kuchora nyuzi za gesi pasipo na gesi. Picha hutoka laini na ya kupendeza, lakini ile nyota mpya, kama ilikuwapo, imekwenda.

Namna watu wanavyoziamini picha za mbingu ilidhihirika mwishoni mwa mwezi Julai mwaka 2022, pale mwanafizikia wa Ufaransa Étienne Klein alipotoa kwa mzaha picha ya kipande cha soseji na kudai kuwa ni nyota ya Proxima Centauri iliyopigwa na darubini ya James Webb. Wengi waliamini, naye baadaye akaomba radhi. Mduara mwekundu wenye madoa, wenye kupewa jina la heshima, ulitosha.

Kwa hiyo anayeanza kazi hii ana masharti machache ya kushika. Aihifadhi kila picha ya asili kabla ya kuirembesha. Aandike tarehe, saa na mahali. Anapoionyesha picha iliyorekebishwa, aseme imerekebishwa vipi. Hayo hayagharimu fedha, na ndiyo yanayotofautisha pambo la ukutani na ushahidi unaoweza kusimama mbele ya wataalamu.

Nuru inayoiangukia lenzi ya milimita 50 kutoka galaksi ya M101 iliondoka huko kabla ya kuwapo mwanadamu duniani. Imesafiri njia yote hiyo bila kupotoka, na ingekuwa hasara ikiwa itageuzwa uongo katika hatua yake ya mwisho, kati ya darubini na simu.