Mita Haimjui Mpangaji
Mazungumzo ya Afisa Mtendaji wa Kata kwa wakazi, kuhusu umeme na maji kwa waliohamia kutoka nchi jirani



Nimeombwa nizungumzie huduma za nyumbani kwa wale waliohamia kwetu karibuni. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na kata ya mpakani kama yetu haikosi mgeni anayetafuta chumba. Wengi wao huwa wapangaji, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Hivyo mita hubaki kwa jina la mwenye nyumba, ilhali anayelipa ni mwingine. Hapo ndipo ugomvi huzaliwa.

Anayetoka Kenya hukuta hapa mambo aliyoyazoea. Umeme hulipiwa kabla ya kutumiwa, hununuliwa kwa simu, tarakimu 20 huingizwa kwenye mita, na taa zikawaka. Mazoea hayo humfanya asiulize. Lakini mita ya LUKU haimjui mpangaji, huijua nyumba. Deni la aliyetangulia, likiwa limesajiliwa kwenye mita hiyo, hukatwa katika fedha ya anayenunua leo. Tena, tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kila mwezi kupitia ununuzi wa umeme. Kodi hiyo ni wajibu wa mwenye jengo. Mpangaji akiilipa kwa kununua umeme, ni haki arudishiwe au ipunguzwe katika pango, kama watakavyoelewana.

Kwa sababu hiyo nawasihi wageni: kabla ya kutoa pango la miezi sita au la mwaka, mwombe mwenye nyumba anunue umeme kidogo mbele yako, kisha msome risiti pamoja. Mtaona fedha ya nishati yenyewe, kodi ya ongezeko la thamani, tozo ya umeme vijijini ya asilimia 3, ya EWURA ya asilimia 1, kodi ya majengo, na deni likiwapo. Jambo hilo halichukui hata dakika kumi. Mwenye nyumba anayekataa kulifanya amekwisha kukujibu.

Liko jambo jingine lisilosemwa sana. Mteja wa nyumbani aliye katika kundi la matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Nyumba yenye familia nne juu ya mita moja huvuka kiwango hicho upesi, na bei ikapanda kwa wote, hata kwa bibi anayewasha taa moja tu. Wenye nyumba wasininunie: kama uwezo upo, ombeni TANESCO mita nyingine. Kama haupo, mgawanyo wa gharama uandikwe, usiachwe kwa anayepaza sauti zaidi uani.

Maji hayana mambo mengi. Vijijini huduma husimamiwa na vyombo vya watumia maji vilivyo chini ya RUWASA. Penye mita ya maji, kwa kawaida ankara huja baada ya matumizi. Basi siku ya kukabidhiwa funguo andikeni namba inayosomeka, mpige picha, na nyote wawili mtie saini. Penye kilio cha pamoja, muulize mchotaji utaratibu wa malipo.

Haya yote yanahitaji karatasi, na karatasi huanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mgeni afike kwake na hati ya kusafiria, kibali cha ukaazi na mkataba wa pango, aandikwe katika daftari la wakazi. Wapo wanaokwepa hatua hii wakihofia maswali. Nawaelewa, lakini asiyeandikwa popote hana shahidi siku mwenye nyumba atakapomwambia deni ni lake. Mkataba wa mdomo, hasa kati ya watu wasiojuana ukoo wala kijiji, haumlindi yeyote kati yao.

Likitokea tatizo la makato au ankara, lianzie ofisi ya mtoa huduma, kwa maandishi, na nakala ibaki kwako. Usiporidhika na jibu, malalamiko hupelekwa EWURA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, ambalo kazi yake ni kumsaidia mtumiaji.

Mfano wa fomu ya kukabidhiana mita, ya umeme na ya maji, umebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Mnaweza kuunakili kwa mkono. Sasa nipo tayari kwa maswali, tuanze na akina mama waliokaa nyuma.