Mkwaruzo Unaofuata Noti: Kubuni Distoshani ya Kidijitali Isiyoiga Vali

Plagini nyingi za distoshani huiga vifaa vya zamani: vali, transista na kanda za sumaku. Kazi hiyo si ya kubezwa, ila inatufanya tuazime ubovu wa mashine nyingine ilhali kompyuta ina ubovu wake. Studioni Nashville, hitilafu ya mtambo iliikwaruza sauti ya gitaa la besi la Grady Martin katika wimbo "Don't Worry" wa Marty Robbins, uliotoka mwaka 1961. Mkwaruzo ule ulipendwa, na mwaka 1962 kikaingia sokoni kifaa cha Maestro Fuzz-Tone kilichoutoa makusudi. Hivyo distoshani mpya ya kidijitali nayo ianzie kwenye ubovu wa kidijitali, kisha ubovu huo ufungwe kwenye noti inayopigwa.

Kompyuta huhifadhi sauti kwa kuipima mara nyingi kila sekunde. Kwenye CD ni mara 44,100. Masafa yanayozidi nusu ya idadi hiyo, yasipochujwa mapema, hujikunja na kurudi chini yakiwa masafa mengine. Plagini zinazopunguza vipimo makusudi zipo, lakini kwa kawaida kiwango chake hakijali noti, kwa hiyo noti moja hutoka tamu na inayofuata ikalia kama debe. Tuchukue noti ya hezi 220 ambayo harmoniki yake ya nane ni hezi 1,760. Tukipima mara 2,000 kwa sekunde, 1,760 hujikunja ikawa 240, ikakaa ubavuni mwa 220, na sikio likasikia mtetemo wa mara 20 kwa sekunde. Tukipima mara 1,980, yaani noti yenyewe mara tisa, 1,760 hutua juu ya 220 kamili. Sauti imekwaruzika, lakini haijatoka kwenye ufunguo! Kifaa ninachopendekeza kiifuate noti, kipime kwa kizidisho kizima cha noti hiyo, na kimpe prodyuza kitufe kimoja kikuu: kiasi cha kupotoka kutoka kizidisho hicho, ili ubeti uanze umetulia na kiitikio kifike kimechafuka.

Atakayesema huku ni kuharibu muziki aisikilize ala ya ilimba ya Wagogo, ambayo utando wa buibui hubandikwa kwenye tundu lake ili ivume, au bendi ya Konono N°1 ya Kinshasa, ambayo ala zake za likembe hupitishwa kwenye vikuza sauti vya kuungaunga. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kompyuta hukosea kutambua noti zinapopigwa kadhaa kwa pamoja, na ngoma nyingi hazina noti moja ya kufuatwa. Ni kweli. Lakini katika biti nyingi noti zimekwisha kuandikwa kwenye programu, basi kifaa kizisome humo. Kwa ngoma, prodyuza achague noti ya msingi ya wimbo. Kuna pia ucheleweshaji: kuitambua noti ya hezi 110 kwa mizunguko miwili huchukua takriban milisekunde 18. Wakati wa kumiksi programu hulipia pengo hilo, ila jukwaani mwimbaji atalihisi, kwa hiyo toleo la jukwaani lipokee noti moja kwa moja kutoka kwenye kinanda.