Anachokiogopa Mhudumu: Hatari za Kazi katika Gesti na Hoteli za Chakula Ngulyati



Hoteli ninazozileta mbele yenu si zile za watalii kule Lamadi, jirani na lango la Ndabaka la Serengeti. Ni gesti na hoteli za chakula za Ngulyati, wilayani Bariadi: jiko la kuni au mkaa uani, na mhudumu mmoja anayepika, kuosha vyombo na kutandika vitanda. Msimu wa pamba ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, wageni huongezeka na mhudumu ni yuleyule.

Ukimuuliza kama kazi yake ina hatari, atakujibu haina. Muulize anaogopa nini, hapo utasikia: mlevi anayemgongea mlango saa nane usiku, mgeni anayeondoka alfajiri bila kulipa, shuka lililopotea. Hayo mawili ya mwisho hukatwa kwenye mshahara wake. Mafuta ya chipsi yaliyomrukia mkononi hayataji, kwa sababu kidonda atajitibu mwenyewe na bosi hataki kujua. Hoja yangu ni hiyo. Mhudumu anaipima hatari kwa kuangalia kibarua chake kwanza, mwili baadaye.

Tuangalie choo cha gesti. Dada anamwaga jiki, anaona sinki bado halijang'aa, anaongezea dawa ya choo yenye asidi. Vikikutana, hutoa gesi ya klorini. Kifua kinambana, machozi yanamtoka, anakimbilia nje kuvuta hewa, kisha anarudi kumalizia, kandambili miguuni, mikono mitupu. Kwake ukali ule ni dalili kwamba dawa ni nzuri. Tusimlaumu, maana hakuna aliyewahi kumweleza. Na moshi wa kuni amekua nao jikoni kwa mama yake. Ni nani atamshawishi kwamba ni hatari ya kazini?

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 haikutungwa kwa ajili ya watu wa migodini na viwandani peke yao. Lakini fidia huanza na taarifa, na jeraha ambalo mwenyewe analiita bahati mbaya halitolewi taarifa. Kwa hiyo wakaguzi wa usalama kazini wabadili maswali. Badala ya kuuliza kuhusu usalama, waulize: mara ya mwisho uliungua lini? Usiku nani hukugongea? Tena waulize wakati mwenye gesti hayupo.

Glavu za mpira, viatu vya kufunika miguu na onyo la kutochanganya jiki na asidi havihitaji bajeti ya mwaka ujao. Mlango unaogongwa usiku ndio mgumu zaidi. Unataka komeo imara la ndani, namba ya simu ya mtu atakayefika kweli, na mwenye gesti aliye tayari kumtoa mgeni ambaye ameshalipa.