Kabla ya Kumwita Mtu Mvivu

(Mazungumzo na viongozi wa familia zilizohamishwa na vita, Goma)



Leo hatukuja kusema juu ya chakula wala mahema. Tumekuja kusema juu ya kazi, maana malalamiko mengi yanayotufikia ni ya kazi. Kapita anasema: "Hawa waliokimbia vita ni wavivu, wanachelewa, wanasahau, wanagombana." Nao waliokimbia wanasema: "Tunafukuzwa kwa sababu ya kabila letu." Neno hilo likishatamkwa, ugomvi wa watu wawili umekuwa wa mitaa miwili. Ndiyo maana sisi tunaotafuta amani hatuwezi kulipita.

Mwaka 1967 waganga wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitunga orodha ya mambo 43 yanayomgeuzia mtu maisha, wakayapa pointi. Kufiwa na bwana au bibi kulipewa 100. Kufiwa na ndugu wa karibu, 63. Kufukuzwa kazi, 47. Hata mambo ya furaha yamo: kuoa au kuolewa ni 50, na Noeli ni 12 (kwa wamama wanaopika siku hiyo, sisi tungeongeza). Waliona kwamba mtu akipita pointi 300 katika mwaka mmoja, hatari ya kuugua inakuwa kubwa.

Sasa tuhesabu pamoja. Kuhama nyumba ni pointi 20. Hali ya feza kubadilika, 38. Hali ya kuishi kubadilika, 25. Kubadilisha aina ya kazi, 36. Usingizi kubadilika, 16, na chakula, 15. Jumla 150, na hatujataja maiti hata mmoja. Ongeza bwana aliyeuawa na ndugu mmoja wa karibu: 313.

Tena orodha hiyo iliandikwa kwa watu wanaohama kwa gari, na sahani zimefungwa vizuri. Haina mahali pa kuandika nyumba iliyochomwa, mtoto aliyepotea njiani, wala mwanamke aliyebakwa. Haisemi pia juu ya kukimbia mara ya tatu au ya nne. Hapa kuna watu waliokimbia moto wa Nyiragongo Januari 2002, wakakimbia vita 2008 na 2012, wakakimbia tena moto wa mlima Mei 2021. Wengine walitoka Rutshuru 2022 na Masisi 2023 na 2024, wakaishi Kanyaruchinya au Bulengo, kisha Februari 2025 kambi zikabomolewa, wakaanza upya. Hatusemi kwamba kila mmoja wao ni mgonjwa. Pointi hazitabiri nani ataanguka. Wengi wanasimama, na tunawaona. Lakini Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu mwaka 2019: mahali penye vita, karibu mtu 1 kwa 5 ana ugonjwa wa akili, mdogo au mkubwa. Katika kundi la wafanyakazi 20, hao ni kama 4.

Jambo hilo linaonekanaje kazini? Mwili wa mtu aliyeogopa sana unabaki tayari kukimbia hata hatari ikiisha. Moyo unapiga mbio, misuli inakaza, usingizi unakatika usiku wa manane. Asubuhi mtu huyo anakuja kuvunja mawe ya volkano na nyundo mkononi, naye amelala saa mbili tu. Anajipiga kidole. Unamtuma kuleta vitu vitatu, analeta kimoja. Pikipiki inalipuka sauti barabarani, anaangusha karai na kulala chini. Wenzake wanacheka, naye anawarukia. Wengine hawagombani kamwe. Wananyamaza, kichwa kinawauma kila siku, tumbo linawauma, kituo cha afya hakioni kitu. Mwalimu anasimama ubaoni na kusahau alikuwa akifundisha nini. Na mtu wa chukudu aliyekuwa hodari anaanza kunywa kabla ya saa sita, ili apate kulala jioni.

Mkubwa wa kazi anayeyaona hayo mara moja ana haki ya kukasirika. Lakini anayeyaona kwa mtu aliyekuwa anafanya vizuri mwezi uliopita aulize kwanza. Amwite pembeni, asimwulize mbele ya wenzake: "Mama, siku hizi tunaona umechoka. Kuna jambo lililotokea nyumbani?" Kisha anyamaze. Asimlazimishe kusimulia vita. Kumkamua mtu habari za mauaji kunaweza kumwumiza upya. Akisema, amsikilize. Asiposema, ajue tu kwamba mlango uko wazi.

Katika kazi yenyewe kuna mambo yasiyohitaji feza. Mtu asiyelala asipewe nyundo kubwa wala kupanda juu ya paa; apewe kuchekecha mchanga kwa juma moja. Watu wafanye kazi wawili wawili, ili mmoja akisahau mwingine akumbuke. Aliyefiwa aende kwenye kilio na akirudi akute nafasi yake. Kwa mwenye mkataba hilo si huruma: Sheria ya Kazi ya nchi yetu ya 2002 inampa siku 4 za kazi akifiwa na bwana au bibi. Mtu wa kulipwa kwa siku mara nyingi hapati kitu, na kwake ndipo makapita mnaweza kuamua wenyewe.

Ninyi wanyumbakumi, msichukue kila mtu kwa maombi tu, wala kila mtu kwa mganga. Anayesema anataka kufa, asiyekula siku kadhaa, au anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Mpelekeni kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo, na ndugu mmoja aende naye.

Sasa tunawaachia ninyi maneno. Tuanze na makapita wa mawe: mtuambie ni kazi gani kwenu mtu aliyechoka anaweza kuhamishiwa bila kupunguziwa malipo ya siku. Tutaziandika hapa ubaoni.